Baiskeli sebuleni: treina ipi ununue kabla theluji haijaanguka

Mwezi Desemba hapa Minneapolis jua linazama saa kumi na nusu. Ukitoka kazini ni giza, na barabara imemwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Cheni ikilishwa chumvi hiyo wiki chache, inashika kutu hadi inalia. Basi baiskeli inaingia ndani, kwenye treina, yaani kifaa kinachokuwezesha kupiga pedali bila kwenda popote. Mimi naishi ghorofa ya pili, nimeshanunua na kuuza vifaa vitatu, na siku hizi mtu akiniuliza anunue kipi, namuuliza kwanza: chini yako anakaa nani? Kifaa unachoogopa kukipanda saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya kelele zake kitageuka kuwa kamba ya kuanikia nguo.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa treina ya kuchomoa gurudumu la nyuma. Baiskeli inakaa juu yake na cheni inapita kwenye friwili (seti ya gia za nyuma) ya treina yenyewe. Hakuna tairi linalosuguana na chuma, kwa hiyo unabaki na mlio wa cheni na mtetemo kidogo sakafuni, ambao mkeka mzito wa mpira unaupunguza. Flaiwili yake, lile gurudumu zito la ndani, inazunguka kwa uzito, mguu unahisi kama uko barabarani. Sumaku ya umeme inayokaza pedali nayo inatii programu ya simu au kompyuta: mlima ukitokea kwenye skrini, pedali zinakuwa nzito zenyewe, na wati zako, yaani nguvu unayotoa, zinaonekana.

Bei zake zimeshuka sana. Wahoo Kickr Core ilitoka mwaka 2018 kwa dola 899. JetBlack Victory ya Australia ilipoingia sokoni mwaka 2024 ilikuwa dola 399. Ukipanda hadi dola 1,000 na zaidi, unalipia kipimo cha wati kinachokosea kwa asilimia 1 badala ya 2, na milima mikali zaidi ya kuigiza. Kama hushindani, hiyo asilimia moja hutakutana nayo popote.

Ila kabla hujalipa, uliza kama friwili imo kwenye boksi, na kama idadi ya gia zake inalingana na ya baiskeli yako. Ya kwangu haikuwemo. Treina ilikaa kwenye boksi siku tisa nikiitazama tu, theluji inaanguka. Angalia na ekseli ya nyuma: ile nyembamba ya kubana kwa kishikio, au ile nene ya kupenyeza, milimita 12 kwa 142? Treina nyingi zinapokea zote mbili, lakini vipande vya kubadilishia lazima viwemo.

Nafasi ya pili ni treina ya majimaji, ya mtumba. Hii inabana tairi la nyuma kwenye rola ndogo, na ndani kuna mafuta mazito yanayokaza kadiri unavyoongeza kasi. Haihitaji umeme wala simu. Ina kelele, lakini ya mvumo, na jirani mstaarabu anaweza kuivumilia. Inakula tairi, kwa hiyo funga lile la zamani. Ukinunua tairi maalumu la treina, usitoke nalo nje, halishiki lami vizuri.

Treina ya bei ya chini kabisa, ya sumaku ya kawaida, inafanana nayo kwa sura. Usidanganyike. Ya kwangu ililia kama mashine ya kusaga mahindi, na wiki ya pili jirani wa chini alianza kugonga dari kwa mti wa ufagio. Niliiuza kwa mtu mwenye nyumba yake peke yake.

Ya tatu ni rola: mapipa matatu membamba, baiskeli juu, hakuna kinachokushika. Siku za mwanzo panda ukiwa katikati ya mlango ili uwe na pa kushika. Inafundisha kupiga pedali kwa ulaini kuliko kifaa chochote, lakini ukisinzia unaanguka, na penye watoto wadogo vidole viko hatarini.

Baiskeli nzima ya ndani naiweka ya nne, ila kama nyumbani mnaitumia watatu au wanne, ipandishe hadi ya kwanza, maana kiti kinarekebishwa kwa dakika moja. Ukipata ya mtumba ya kampuni ya Peloton, muulize mwenyewe kama nguzo ya kiti imebadilishwa: Mei 2023 baiskeli takriban milioni 2.2 za modeli ya PL01 zilitangazwa kuwa na nguzo inayoweza kukatika. Zile za dola 3,000 na kuendelea ni nzuri sana. Tuendelee.

Chochote utakachochagua, bakiza hela ya feni, feni kubwa. Ndani hakuna upepo wa kukupoza. Ndani ya dakika kumi jasho linachuruzika kwenye usukani na kula bolti zake kama ile chumvi ya barabarani. Tandika taulo juu. Kwa programu, Zwift ni dola 19.99 kwa mwezi, na MyWhoosh ya Falme za Kiarabu ni bure, hivyo anza na hiyo. Na ukiweza kusubiri mtumba, tafuta Aprili, barafu inapoyeyuka na watu wanataka nafasi yao sebuleni. Oktoba wanaouza ni wachache, na hawapunguzi hata dola tano.