Fidla na nyimbo za Ukraini: tamasha la kwenda kusikiliza

Nimetoka kuisikiliza okestra ya mji ninaoishi hapa Uingereza, na kwa yeyote anayesita kununua tiketi ya muziki wa aina hii, nasema nunua.

Walifungua kwa "Melodia" ya Myroslav Skoryk, mzaliwa wa Lviv, aliyoitunga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya filamu. Ni fupi, nayo ina huzuni isiyolia kwa kelele.

Ikafuata konserto ya fidla, yaani utungo wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky ya mwaka 1878. Leopold Auer, bingwa wa fidla wa zama hizo, aliikataa mwanzoni, na ukikaa karibu na jukwaa unaona sababu: ni ngumu mno kupiga. Mimi nimekulia Zanzibar. Fidla niijuayo ni ya taarabu, inayomfuata mwimbaji neno kwa neno. Hapa fidla ndiyo mwimbaji. Katikati ya sehemu ya kwanza wote wananyamaza, mpigaji anabaki peke yake, vidole vinapanda hadi mwisho wa nyuzi, kisha filimbi inaingia taratibu kumpokea. Sehemu ya pili mpigaji alipachika kwenye fidla kidude cheusi cha kupunguza sauti, na ukumbi mzima ukainama mbele kusikiliza.

Lakini kilichonikonga moyo hasa ni simfoni namba 2, utungo mrefu wa okestra nzima, ya Tchaikovsky huyohuyo. Aliianza mwaka 1872 nyumbani kwa dada yake huko Kamianka, Ukraini, na akatia ndani nyimbo za watu wa huko. Baada ya mshindo mmoja wa okestra, baragumu moja linaimba peke yake bila haraka. Sehemu ya mwisho imejengwa juu ya "Zhuravel", wimbo wa ndege korongo, ambao mtunzi alisema alifundishwa na mtumishi mzee wa nyumba ile. Ni kipande kifupi mno, kinarudiwa na kurudiwa, na kila kikirudi kimevaa nguo mpya: fidla kwa sauti ya chini, kisha filimbi, kisha ala zote za shaba. Karibu na mwisho upatu mkubwa unapigwa mara moja tu, ngurumo yake inaenea, halafu wote wanatimua mbio.

Kijitabu cha programu hakikusema lolote la maana kuhusu nyimbo hizo, na hilo liliniudhi. Kabla ya kwenda, tafuta "Zhuravel" ikiimbwa na waimbaji wa Kiukraini. Ukiujua wimbo, kila badiliko utalisikia.