Intaneti ya dishi la satelaiti hapa Ngomeni: miezi minane, nyota tatu na nusu

Haya wadau, niliwaambia nitaandika nikishalitumia vya kutosha, sasa mwezi wa nane huu. Niko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nina kibanda cha mpesa na kompyuta tatu, na kabla ya hili dishi nilikuwa na bando la simu ambalo lilikuwa linashika vizuri ukisimama mlangoni tu. Kampuni siitaji, na duka nililonunua pia silitaji ingawa hao ndio walionipiga.

Tuanze na mazuri. Nilipanda juu ya bati mwenyewe saa kumi jioni bila fundi, dishi ni bapa kama sinia la pilau, ukiliwasha unalielekeza vile apu inakwambia na robo saa haijaisha limeshika. Asubuhi napata mega 90, saa mbili usiku kila mtu akiwa mtandaoni inashuka hadi 30 na kitu, kwa kazi zangu yatosha. Vijana wa sekondari wanashusha mitihani ya zamani, mabaharia wanapiga video kwa wake zao, na mimi faili za kodi za KRA hazinikwamishi tena. Mvua kubwa za mwezi wa tano zinakata dakika tano kumi halafu inarudi. Stima inakula kama wati 60 hivi, kwa hivyo ikipotea inverta ndogo inalibeba.

Sasa hao wa duka. Waliniuzia stendi wakaniapia ni stenlesi, wiki ya sita nati zikavimba kutu kama mkate umelowa chai. Huku kuna mashamba ya chumvi jamani, hewa yenyewe ukiilamba ni chumvi. Nimerudi nayo naambiwa garantii haihusu bahari. Sasa bahari mimi ningeihamishia wapi?

Lakini kilichonifanya nikate nyota nzima si kutu. Mti wa karibu ni mwarobaini wa jirani na hauzibi kitu, utosini kweupe kabisa, na bado apu inaniambia nilizungushe dishi kidogo upande. Nikawa najiuliza, mbona lisitazame juu tu moja kwa moja? Nikafuatilia, na jibu lake ndilo linaniuma mpaka leo.

Angalieni madishi ya TV hapa Pwani, mengi yamelala chali yanatazama mbingu. Ni kwa sababu satelaiti zake ziko kwenye mkanda mmoja juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000, zinazunguka sawasawa na dunia kwa hivyo ukiwa chini unaziona kama zimesimama, na sisi wa ikweta mkanda huo unatupitia utosini. Hizi mpya za intaneti ziko chini, kilomita mia tano na kitu, na sheria za kimataifa za masafa ya mawimbi zinazitaka zisiingilie zile za juu. Maana yake dishi langu linaukwepa ule mkanda, yaani kipande cha anga kilicho juu ya kichwa changu mimi, hicho ndicho silengi. Mtu wa Ulaya mkanda uko kule chini upande wake wa kusini, haumsumbui sana. Na hizo nafasi za juu zinazolindwa zimejaa za wenye hela waliofika mapema.

Tena wazee wetu waliliona hili mapema. Mwaka 1976 Kenya, Uganda, Zaire ya wakati ule, Congo Brazzaville, Colombia, Ecuador, Indonesia na wenzao walikaa Bogota wakatangaza kwamba kile kipande cha mkanda kilicho juu ya nchi zao ni mali yao ya asili kama mto au madini. Dunia ikawajibu kuna mkataba wa anga wa 1967, hakuna nchi inayoweza kujimilikisha anga. Sawa, na mimi hapo nakubaliana na mkataba, sitaki kesho mtu aniuzie hewa kwa hati miliki. Ila mkataba huohuo unasema anga itumike kwa manufaa ya nchi zote, halafu nafasi nyingi zikagawanywa kwa mtindo wa aliyewahi ndiye mwenyewe. Baadaye miaka ya 80 kila nchi ikatengewa angalau kasehemu kake kwenye masafa fulani, lakini kutengewa kiti bila nauli ya kufika ukumbini ni nini. Tonga, nchi ya visiwa yenye watu kama laki moja, ikaomba nafasi 16 ili ikodishe, wakubwa wakapiga kelele wee tamaa hiyo, ikabanwa ikabaki na chini ya nusu. Wakubwa wakichukua ni biashara, mdogo akichukua ni tamaa. Na mchezo uleule umehamia huku chini sasa, hata Rwanda mwaka 2021 ilipeleka maombi ya satelaiti zaidi ya 327,000, naam laki tatu, za karatasi, maana usipoandikisha leo kesho utaambiwa kumejaa.

Kinachonichekesha ni kwamba nikiwa juu ya bati nafunga nati mpya nayaona majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi pale baharini. Pale ndipo satelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, ndiyo jina lake la Kiswahili, na ilikuwa ya kwanza kabisa duniani ya kuchungulia nyota kwa eksirei. Walikuja kwetu kwa sababu ukirusha roketi karibu na ikweta dunia yenyewe inakusukuma. Mara ya mwisho kurusha ni 1988. Taifa-1, satelaiti yetu wenyewe ya mwaka 2023, ikaenda kurushiwa California! Mzee mmoja mvuvi alinikuta juu ya bati akaniuliza, "Mwanangu, hiyo inashika kutoka pale majukwaani?" Nikamwambia hapana babu, pale hapana kitu siku hizi. Akasema "Aa," akaenda zake na nyavu zake.

Mgao ambao hatukuuomba lakini unafika ni takataka za angani. Desemba 2024 kule Mukuku, Makueni, liliwaangukia watu lipete la chuma la kama kilo 500, upana mita mbili na nusu. Shukuru Mungu halikuua mtu.

Basi, ukiniuliza ununue, nunua. Kama uko mahali waya haufiki hakuna mbadala, na mimi ada yangu ya intaneti ya mwezi nalipa kabla ya siku. Stendi usinunue dukani, mpe fundi wa mashua akuchomelee, yangu mpya kaitia rangi ya boti na mwezi wa pili haijapata hata doa. Nyota nusu nimekata kwa ajili ya kasi ya usiku, nyota moja kwa ajili ya kile kipande cha utosini. Mwenye kutaka kujaribu kasi aje kibandani, lisaa ni bob 40, ila msije saa mbili usiku mkanilaumu.