Kadi ya chanjo iliyoandikiwa kaunta: uzoefu wangu na duka la wanyama

Nimewapa nyota moja, na hiyo ni ya kijana anayefagia vizimba, maana ndiye peke yake mle ndani niliyemwona akiwawekea wanyama maji bila kusubiri kuambiwa. Jina la duka silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu tayari yako kwa afisa mifugo wa manispaa na sitaki suala lihamie kwenye ugomvi wa majina. Liko Dar es Salaam, barabarani kabisa, linauza vyakula vya kuku na mbwa, samaki wa mapambo, ndege, paka na watoto wa mbwa. Ukikaribia kununua mnyama yeyote kwenye duka la namna hiyo, soma kwanza yaliyotukuta sisi.

Tulitaka mbwa wa kulinda nyumba. Mtaani kwetu wezi wa usiku wamezidi, na binti yangu naye alikuwa ameshaomba mbwa tangu hajaanza shule. Dukani tukaoneshwa watoto wanne wa German Shepherd kwenye kizimba kimoja. Kabla sijatoa hela niliuliza kuhusu chanjo, nikaomba kadi. Muuzaji akaitoa kwenye droo la kaunta bila wasiwasi wowote. Kadi nzuri, ngumu, ina picha ya mbwa juu, imejazwa tarehe nne: chanjo tatu za mchanganyiko, ile inayokinga parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, na moja ya kichaa cha mbwa. "Dada, huyu ameshamaliza kila kitu. Ana wiki kumi. Kazi yako ni kumlisha tu." Tukalipa laki tatu na nusu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa, walisema mashine ina hitilafu, nikaandikiwa ya mkono yenye maneno yale ya kawaida chini yake: mali ikishauzwa hairudishwi.

Binti akamwita Tomi. Siku aliyofika alikula vizuri, akalala miguuni pa mtoto. Usiku uliofuata akagoma kula, akaanza kutapika povu la njano, na kulipokucha alikuwa anahara damu. Aliyewahi kumuuguza mbwa mwenye parvo anaijua harufu ile, haifanani na ya kuhara kwingine. Nilimfunga kwenye kanga nikachukua bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari akachukua kinyesi kidogo, akakiweka kwenye kipimo cha haraka, na hata dakika kumi hazikuisha mistari miwili ikatokea: ni parvo. Parvo haina dawa inayoua kirusi chenyewe. Kinachofanyika ni kumwekea mnyama dripu asikaukiwe na maji, kumzuia kutapika, na kumpa antibayotiki kwa sababu utumbo ukishachubuka bakteria huingia kwenye damu. Mbwa wengi wakiwahiwa hupona. Tomi alikuwa mdogo mno na ameshaishiwa nguvu. Alikufa akiwa kwenye dripu, na mimi ndiye niliyekwenda kumweleza mtoto.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni bahati mbaya, wanyama huugua. Kilichonifanya nikae chini kuandika ni yale aliyonionesha daktari alipoiomba ile kadi.

Kwanza aliigeuza upande wa juu na wa chini, akauliza, "Stika ziko wapi?" Sikumwelewa. Akafungua friji lake, akatoa kichupa cha chanjo, akanibandulia karatasi ndogo iliyoshikamana nacho. Ina jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Daktari akishachoma, anaibandua ile karatasi anaibandika kwenye kadi, kisha anasaini na kugonga muhuri wenye jina lake na namba yake ya usajili. Kadi ya Tomi haikuwa na stika hata moja. Muhuri uliokuwepo ulikuwa wa duka. Saini nne, zote kwa kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja, hata mkolezo wa wino haukubadilika, wakati tarehe zenyewe zimepishana.

Kisha akamfungua kinywa yule maskini aliyekuwa bado hai, akanionesha meno. Mtoto wa mbwa huanza kuota meno akiwa na wiki tatu au nne, na akifika wiki nane hivi meno ya utoto yote ishirini na nane yanakuwa yametoka. Ya Tomi ya nyuma yalikuwa bado. Daktari akakadiria wiki sita. Sasa hebu piga hesabu pamoja nami. Kadi inasema chanjo ya kwanza alichomwa wiki tatu kabla ya sisi kumnunua. Maana yake alichomwa akiwa na wiki tatu, yuko kwenye titi la mama yake, meno ndiyo kwanza yanataka kuchomoza. Hakuna daktari anayefanya hivyo. Chanjo hii huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka mbwa afikishe wiki kumi na sita. Hairudiwi kwa sababu madaktari wanapenda hela, kama muuzaji mmoja alivyonieleza. Mtoto anapata kinga kwenye maziwa ya mama, na kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna anayejua siku gani itapungua. Ndiyo maana unarudia. Kwenye kadi ya Tomi sindano zilipishana wiki moja moja, kama mtu aliyekuwa na haraka ya kujaza mistari. Na hata tukiukubali umri wa dukani, ile ya kichaa cha mbwa waliiandika akiwa na wiki tisa, wakati kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu.

Parvo huchukua siku tatu hadi saba, wakati mwingine hadi kumi na nne, tangu kirusi kiingie mpaka dalili zionekane. Tomi alianza kutapika hata siku mbili hazijatimia kwetu. Alitoka nao kwenye kile kizimba.

Hilo la kichaa cha mbwa ndilo linaloninyima usingizi kuliko hela. Mbwa akimng'ata mtu, swali la kwanza hospitalini ni kama mbwa ana chanjo. Kuna mzazi mahali fulani ana kadi kama yangu kwenye kabati. Mtoto wake akiparuliwa na meno ya mbwa wao wenyewe, atasema hana wasiwasi, mbwa amechanjwa, kadi hii hapa. Ugonjwa huu ukishaonesha dalili kwa binadamu karibu kila mara ni kifo, na karibu wote wanaoupata huupata kwa mbwa. Kinachookoa ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano na kuwahi sindano. Mtu mwenye kadi ya uongo mkononi atakosa kuwahi. Anayejaza mstari ule kwa kalamu ya kaunta anacheza na roho za watoto wa watu, na nalisema hili nikiwa nimetulia kabisa.

Nilirudi dukani na majibu ya daktari. Nilimkuta mwenye duka mwenyewe, mzee wa heshima, nikamwamkia, nikamwekea karatasi mezani. Hakukana wala hakukubali. Aliniambia, "Mama, mbwa ni kiumbe hai. Akifa ni mipango ya Mungu." Nikamwambia sijaja kubishana na mipango ya Mungu, nimekuja kuuliza daktari gani aliyesaini hapa. Akasema chanjo wanachoma wenyewe, dawa wanazo, akafungua friji la soda lililopo mlangoni kunionesha. Kati ya chupa za soda kulikuwa na vichupa vidogo. Nilikichukua kimoja nikasoma. Ilikuwa chanjo ya kideri, ya kudondoshea kuku machoni. Hata kama kingine kilikuwa cha mbwa, na sikukiona, chanjo hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi mbili hadi nane bila kukatika, na friji lile hufunguliwa kila mteja anapotaka soda.

Nikaomba hela yangu. Akanionesha ile risiti. Halafu akanifanyia jambo ambalo yeye aliliona ni ukarimu: akamwita kijana amtoe mtoto mwingine, anipe bure, yaishe. Kutoka kizimba kile kile. Watatu waliobaki walikuwa wamelala palepale alipolala Tomi, mmoja macho yameshaingia ndani. Nilimwomba awatenge, awaite daktari, asiwauze. Akajibu kwamba wawili wameshalipiwa. Kuna familia mbili zilizopelekewa ugonjwa ule nyumbani huku mwuzaji ameshaambiwa, ameshaoneshwa karatasi, anajua. Hapo ndipo nilipoacha kumwita mzee wa heshima.

Nilipoanza kuwasimulia watu nikagundua sisi si wa kwanza. Jirani yangu alinunua paka wa manyoya marefu hapo hapo, akaambiwa mabaka ya masikioni ni "baridi tu". Yalikuwa fangasi, yale yanayoambukiza binadamu, na watoto wake wote walipata mabaka ya mviringo mikononi, wakatumia dawa kwa wiki na wiki. Dada mmoja wa kanisani kwetu aliuziwa samaki wa dhahabu watano ndani ya bakuli la kioo lisilozidi lita tatu, akaambiwa awabadilishie maji yote kila siku kutoka bombani. Maji ya bomba yana klorini, na bakuli jipya halina bakteria wa kuusafisha mkojo wa samaki, bakteria ambao huchukua wiki kadhaa kukua. Walikufa mmoja mmoja, na kila alipoenda kulalamika aliuziwa wengine.

Na kuna kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwenye tundu ambalo hawezi kukunjua mabawa yake. Nilipouliza vibali vyake nikaambiwa vinakuja. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kwenye mkutano wa Johannesburg wa 2016, ikaanza kutekelezwa mwaka uliofuata. Ndege aliye dukani bila karatasi, jiulize katoka wapi. Amejing'oa manyoya yote ya kifuani.

Haki itendeke: chakula chao cha mbwa cha mifuko iliyofungwa kiwandani ni kizuri na bei iko chini kidogo kuliko kwingine. Kile cha kupima kwa kilo kwenye mifuko ya plastiki isiyo na tarehe, kiacheni.

Nyumbani kazi ilikuwa bado. Kirusi cha parvo ni kigumu ajabu. Sabuni ya kawaida haikiui, spiriti haikiui, na kwenye udongo wenye kivuli kinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka. Daktari alituelekeza tusugue kwanza uchafu wote kwa sabuni, kisha tupige jiki iliyochanganywa kikombe kimoja kwa vikombe thelathini vya maji, tuiache ikae dakika kumi kabla ya kusuuza. Sakafu tumeisafisha hivyo. Blanketi na kamba tumechoma. Uani hatuwezi kufanya chochote, jiki ikigusana na udongo inaishiwa nguvu, kwa hiyo kwa sasa mtoto wa mbwa mwingine haruhusiwi kukanyaga kwetu. Tukichukua mbwa tena atakuwa mkubwa, aliyekwisha kamilisha chanjo, na nitampitisha kwa daktari kabla ya kumpitisha getini. Muuzaji akikataa mnyama asikaguliwe na daktari wako kabla ya malipo, hapo pana jibu lako tayari.

Malalamiko nimeyapeleka kwa maandishi kwa afisa mifugo, pamoja na nakala ya kadi, risiti na majibu ya kipimo. Nchi hii ina Sheria ya Veterinari ya 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kuna Baraza la Veterinari ambalo ndilo linalosajili madaktari. Jina na namba ya usajili ya daktari yeyote unaweza kuziulizia huko. Afisa alinisikiliza vizuri, akafika dukani, akaamuru watoto wa mbwa waondolewe hadi ukaguzi uishe. Wiki iliyopita nilipita na daladala nikaona kizimba kimerudishwa nje, na ndani kuna wengine. Nimempigia simu, amesema atarudi.

Anachohitaji sasa ni kadi nyingine. Kadi moja anaweza kuambiwa ni makosa ya siku moja, lakini kadi tano zenye kalamu ile ile, saini ile ile na muhuri wa duka hazina utetezi. Kama ulinunua mbwa au paka kwenye duka la namna hiyo hapa Dar na kadi yako haina stika, usiitupe. Ipige picha pande zote mbili pamoja na risiti, uipeleke ofisi ya mifugo ya manispaa yako, na mbwa wako mpeleke achanjwe upya kichaa cha mbwa wiki hii hii, kama vile hakuwahi kuchanjwa.