Baada ya Kundi Kurudi Nyumbani: Tathmini ya Siku Zetu za Reli Ulaya

Basi la mahujaji wenzetu liliondoka hotelini saa kumi na moja alfajiri kuelekea uwanja wa ndege wa Fiumicino, na mimi na mume wangu tukabaki mlangoni tukiwapungia mikono hadi lilipopinda kona. Tulikuwa tumekwenda Roma mwezi Septemba 2025 kwa ajili ya Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, tukiwa na kundi lililotoka katika parokia mbalimbali za nchi yetu, na sasa kundi lilikuwa linarudi nyumbani, nasi tulikuwa na usiku 12 wa kusafiri wawili tu, kwa treni, hadi kaskazini mwa Ujerumani na kurudi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Mume wangu, ambaye hapa nitamwita Baba Neema kama ninavyomwita kila siku, alikuwa fundi mitambo bandarini Kigoma. Tangu turudi, majirani wa mitaa ya Mwanga na Gungu wamekuwa wakituuliza kama safari ya namna hiyo inawafaa watu wa umri wetu wasio na ndugu Ulaya, na kama tiketi ya reli iitwayo Eurail ina thamani ya fedha inayolipwa. Kwa maoni yangu inafaa, na tiketi hiyo ina thamani yake, ila kuna mambo ambayo yasipopangwa mapema yataiharibu safari kabla hujatoka Kigoma.

Nianze na kundi lenyewe, kwa sababu bila hilo sisi tusingefika. Sitaitaja kampuni iliyotusafirisha, kwa kuwa mazuri na mapungufu yake nimeyasikia pia kwa watu waliosafiri na kampuni nyingine. Ilitupangia miadi ya ubalozini, ikatulipia bima, ikatupeleka katika mabasilika makuu manne ya Roma na kutupitisha katika Mlango Mtakatifu wa kila moja, ule unaofunguliwa Mwaka Mtakatifu tu, na katika Basilika la Bikira Maria Mkuu tulisali mbele ya kaburi la Papa Fransisko. Kwa hayo ninawashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini muda haukuwa wetu hata kidogo. Katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta kuna safu ya picha za duara za mapapa wote tangu Mtakatifu Petro, zimezunguka ukuta juu ya nguzo, na Baba Neema alianza kuzifuata moja baada ya nyingine shingo ikiwa imeinuka, akisoma majina kwa sauti ya chini. Hakuwa amemaliza hata upande mmoja alipoitwa kwenye basi, maana tulikuwa tumepewa dakika 25. Alasiri ya siku hiyohiyo tulikaa saa nzima na dakika 20 katika duka la rozari ambalo hakuna aliyeliomba. Nilimwona mume wangu amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka, kofia mapajani, na hapo nilijua kwamba tulifanya vyema kujiongezea siku.

Jambo linalotakiwa kushughulikiwa kabla ya mengine yote ni viza. Viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hutolewa kwa tarehe za safari uliyoiombea, kwa hiyo mtu akiomba kwa tarehe za kundi peke yake, hawezi baadaye kujiongezea wiki mbili kwa hiari yake kwa kuwa tu sheria inataja siku 90 ndani ya siku 180; hizo 90 ni kikomo cha juu, wala si haki ya kila anayegongewa viza. Sisi tuliieleza kampuni miezi mitano kabla, nao wakatuombea viza yetu kando na ya wenzetu, tukiambatanisha hoteli zote za siku za ziada, taarifa ya benki, barua za pensheni na bima ya matibabu inayofikia angalau euro 30,000 kwa siku zote hadi siku ya kurudi. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na hilo lilitufanya tukae mezani na kalenda kuhesabu: usiku 11 Italia, 2 Austria, 7 Ujerumani na mmoja ndani ya treni. Kama tungeongeza siku tano Ujerumani, ingetubidi tuombe kwa Wajerumani, wakati kundi zima lilikuwa linaombewa kwa Waitaliano. Ada ni euro 90 kwa kila mtu, na hairudishwi ukikataliwa. Kwa mtu wa Kigoma lazima uongeze gharama ya kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 ambayo haina njia ya mkato.

Sasa tiketi. Eurail ni tiketi moja inayotumika katika reli za nchi 33, nayo huuzwa kwa watu wasioishi Ulaya. Wakazi wa Ulaya wana ya kwao iitwayo Interrail, na mtu wa Tanzania asikubali kuuziwa hiyo ya pili. Hununuliwa kwenye intaneti kwa kadi ya benki, kisha huingizwa katika programu ya simu. Sisi tulichukua ya siku tano za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili, na kwa kuwa sote tumevuka miaka 60 tulipunguziwa asilimia 10. Siku tano maana yake ni siku za kalenda: ukishaiwasha siku yako, unapanda treni nyingi utakavyo hadi saa sita usiku. Tiketi zote mbili zilikaa katika simu yangu, na kila mkagua tiketi alipopita nilimwonyesha msimbo wa QR wa Baba Neema, kisha wangu. Mara mbili tuliombwa na pasipoti, kwa sababu tiketi ni ya jina na haiazimwi. Programu hiyo inataka kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila siku tatu, kwa hiyo mtu asitegemee simu isiyo na bando.

Kinachowakwaza wengi ni kwamba tiketi hiyo haikupi kiti katika kila treni. Treni za kasi za Italia na treni zote za usiku zinadai uweke nafasi ya kiti na kuilipia kando, na kutoka Roma hadi Bologna tulilipa zaidi ya euro 10 kila mmoja juu ya tiketi tuliyokwisha kuinunua. Ndani ya Ujerumani mambo ni mepesi zaidi, maana treni nyingi hazidai hivyo, na zile za mikoani unapanda tu unapoifika stesheni. Anayetaka kuzunguka miji ya Italia peke yake nadhani atafanya vizuri kununua tiketi za kawaida mapema. Tiketi ya Eurail inaonyesha faida yake pale unapovuka mipaka, na pale mambo yanapokwenda kombo. Sisi treni moja ya kwenda kaskazini ilichelewa dakika 50, tukaikosa ile ya kuunganisha. Mama mmoja aliyekuwa jirani yetu, ambaye alikuwa na tiketi ya bei nafuu iliyofungwa kwa treni moja, alikwenda kupanga foleni ofisini ili aruhusiwe kupanda nyingine, wakati sisi tulibadili namba ya treni katika simu, tukanunua chai na kusubiri iliyofuata. Kwa wazee wawili wasiojua Kijerumani, utulivu huo peke yake una thamani kubwa.

Njia yetu ilikuwa Roma, Bologna, kisha juu katika milima kupitia Brenner, mpaka wa Italia na Austria ulio mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, hadi Innsbruck. Ninasisitiza kwamba sehemu hiyo isafiriwe mchana. Nilifundisha mabonde yaliyochongwa na barafu kwa michoro ya chaki kwa zaidi ya miaka 30, na siku ile niliyaona dirishani, kuta zake zimesimama wima na sakafu yake ni pana, mashamba ya zabibu na matofaa yakipanda hadi chini ya miamba. Innsbruck ni mji mzuri wa kupumzika. Munich tulikaa siku mbili, na ghali yake ilinichosha.

Tulikokusudia hasa ni Papenburg, mji mdogo karibu na mpaka wa Uholanzi ambao hakuna kundi la mahujaji litakalokupeleka. Ndiko ilikojengwa Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913, katika karakana ya meli ya Meyer, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifungashwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako mafundi watatu kutoka Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, waliiunganisha pamoja na wenyeji hadi ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe; Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tulilolizoea. Mtoto yeyote wa Kigoma anaijua Liemba, lakini kusimama ilikotoka ni jambo jingine.

Kutoka Münster tulipanda treni ya mkoa iliyopita katika nchi tambarare, malisho ya kijani na ng'ombe weusi kwa weupe pande zote mbili, na kila mfereji ukiwa umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Mji wenyewe umekatwa na mifereji, na meli za zamani zimefungwa ndani yake kama maonyesho. Karakana ya leo ilihamia nje ya mji mwaka 1975, na ziara yake huwekewa nafasi mapema. Unatazama kupitia vioo meli za anasa zikijengwa ndani ya ukumbi wenye urefu wa zaidi ya mita 500. Mwongozaji alieleza kuwa meli zikikamilika huteremshwa Mto Ems hadi Bahari ya Kaskazini zikienda kinyumenyume, na Baba Neema, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alimwuliza swali baada ya swali kuhusu usukani na vivuta-meli kwa Kiingereza chake cha kazini, mwongozaji akafurahi hata akaacha maelezo aliyozoea. Karakana ya zamani, iliyokuwa katikati ya mji, sasa ni hoteli na ukumbi wa michezo ya kuigiza. Tulilala hapo kwa makusudi. Kuta zake za matofali mekundu bado zipo, na mume wangu alitembea kandokando yake taratibu, akipitisha kiganja juu ya matofali kama mtu anayemkagua ng'ombe, kisha akaniambia, "Mama Neema, Liemba ni mita 71. Hapa ingetosha kabisa." Hakusema zaidi, na mimi sikumharakisha. Tulikaa pale hadi giza lilipoingia, na hakuna aliyetuita kwenye basi.

Onyo moja tu kuhusu Papenburg: tulifika Jumapili, na maduka Ujerumani hufungwa siku hiyo karibu yote, kwa hiyo mkate na matunda vinunuliwe katika stesheni kubwa kabla ya kufika.

Cologne niliipenda kuliko nilivyotarajia. Ukitoka mlango wa stesheni kuu, kanisa kuu limesimama mbele yako, minara yake mita 157, kazi iliyoanza mwaka 1248 na kukamilika mwaka 1880. Nyuma ya altare kuu liko sanduku la dhahabu ambamo kwa mapokeo huhifadhiwa masalia ya Mamajusi. Nilisali pale rozari nzima bila kutazama saa, na kwangu hiyo ilikuwa sehemu ya hija kama zilivyokuwa siku za Roma.

Siku ya mwisho ya tiketi ilitupa faida kubwa kuliko zote. Asubuhi tulitoka Cologne hadi Munich, na usiku uleule tukapanda treni ya usiku kwenda Roma. Kwa kuwa siku inayohesabiwa ni ile ya kuondoka, safari zote mbili zililipwa kwa siku moja, na tukaokoa usiku mmoja wa hoteli. Aliyewahi kusafiri daraja la pili kulala kutoka Kigoma hataona ugeni, isipokuwa mashuka ni ya kutupa na kifungua kinywa huletwa kitandani. Vitanda hivyo viwekewe nafasi mapema sana. Sisi tulifanya hivyo miezi mitatu kabla na vilikuwa vimebaki vichache.

Kuhusu mizigo, yale masanduku makubwa ya kundi tuliyaacha kwa masista wa Roma tuliolala kwao usiku mbili za mwisho, tukasafiri kila mmoja na begi moja la mkononi. Lifti za stesheni ndogo huharibika, na ngazi hazimhurumii mtu.

Kama ningepanga tena, ningebadili jambo moja. Tiketi yetu ya ndege ilikuwa ya kundi, ya kwenda na kurudi Roma, na kubadili tarehe kulitugharimu dola 140 kila mmoja, mbali na usiku mbili za kusubiri na safari ndefu ya kurudi kusini. Ningeiomba kampuni ituandikie tangu mwanzo kuingilia Roma na kutokea Munich. Nilipowauliza baadaye, walisema hilo lingewezekana bila shida kama tungelisema kabla ya tiketi za kundi kutolewa.