Tofali za Ihumwa: nimenunua, nimezipeleka maabara, haya ndo niliyoyaona

Wadau mnaojenga Dom, hasa huku Ihumwa na Mtumba, kuna kiwanda cha tofali pembeni ya barabara ya kwenda Dar nimechukua kwao tofali za inchi 6 za nyumba nzima. Nawapa nyota nne kati ya tano. Bei yao imechangamka kuliko majirani ila kilichonibakiza pale ni kwamba ukiwauliza mmejuaje tofali hii ina nguvu, wanakuonyesha.

Kwingine ukiuliza hivyo muuzaji anainyanyua tofali mpaka kifuani anaiachia, haijavunjika, unaambiwa boss hiyo chuma. Sasa hapo umepima nini? Imeangukia mchanga au zege, imetua ubapa au kwa kona, na nani kaichagua? Hawa wana daftari, kila siku ya kufyatua wanaandika tarehe, mifuko ya saruji iliyotumika, mchanga umetoka korongo gani na tofali ngapi zimetoka, afu kila rundo limeandikwa tarehe kwa rangi. Nikaomba nichague mwenyewe za kwenda kuvunjwa kwenye mashine maabara, wakakubali bila kununa, nikatoa za juu, za katikati na za chini kabisa kwenye rundo lililofikisha siku 28 tangu zifyatuliwe. Na majibu yakitoka msiangalie wastani peke yake jamani, wastani unaweza kuwa mzuri na ndani yake kuna moja hoi, na hiyo hoi nayo itabebeshwa ukuta. Zangu zilipishana kidogo sana, hilo lilinifurahisha kuliko hata namba yenyewe.

Kitu kingine wana tofali za maonyesho pale getini, mchanganyiko mmoja, mashine moja, siku moja, ila nusu zilifunikwa nailoni na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima, nusu zikaachwa juani. Hizi za juani ukikwangua kona kwa funguo unga unamwagika, zile nyingine funguo inateleza tu. Wamebadilisha kitu kimoja peke yake ndo maana unaamini unachokiona. Watu wengi wanadhani saruji inakuwa ngumu kwa sababu imekauka, hapana, inakomaa kwa kushikana na maji, na kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane maji yanaondoka kabla kazi haijaisha.

Sasa nani anamwagilia? Hapa ndo msimamizi wao kanikosha kweli. Zamani vijana walilipwa kwa idadi, zinahesabiwa jioni zikiwa mbichi, kwa hiyo kila mtu anakimbiza idadi na kumwagilia hakuna mwenyewe. Siku hizi zinahesabiwa siku ya 7, iliyomeguka hailipwi, na kumwagilia kuna mtu wake na hela yake. Anasema zinazovunjika zimepungua sana na daftari linaonyesha hivyo kweli, ila nilimwambia ulibadilisha malipo na ukaanza kuwasimamia na daftari wakati mmoja, utajuaje kipi kimefanya kazi? Kule Marekani kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago walianza mwaka 1924 kujaribu kama kubadilisha mwanga wa taa kutaongeza uzalishaji, wakaona uzalishaji unapanda hata kwa kundi ambalo mwanga wake haukuguswa, na wengi wakasema ni kwa sababu watu walijua wanaangaliwa, ingawa watafiti wanabishania takwimu zile mpaka leo. Akafikiria kidogo akasema basi vijana wa mashine ya pili atawarudisha kwenye malipo ya zamani ila na daftari hilohilo, alinganishe. Mtu wa hivyo mimi namwamini na hela yangu.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Cheti cha vipimo walichobandika ofisini ni cha zamani, cha mchanga wa korongo ambalo hawachoti tena, na mchanga ukibadilika majibu ya zamani hayakuhusu. Waombeni cha mchanga wa sasa, au chukua chupa ya maji weka mchanga wao, tikisa, iache itulie, uone tope lililokaa juu ni kiasi gani. La pili ni usafiri, Fuso lao lilichelewa mpaka mafundi wangu wakakaa kutwa bila kazi na hela yao ya siku nimelipa. Wekeni oda mapema, na mkiwa na gari lenu bora zaidi.