Lolli-Test katika shule za msingi za Nordrhein-Westfalen: tathmini ya mzazi

Katika huduma zote ambazo serikali ya jimbo la Nordrhein-Westfalen, Ujerumani, ilizipeleka shuleni wakati wa janga la korona, Lolli-Test, yaani kipimo cha korona cha kunyonya kijiti, ndiyo ambayo mimi, mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi, nisingependa isahaulike. Ilianza Mei 10, 2021, na utaratibu wake ulikuwa mwepesi hata mtoto wa darasa la kwanza aliumudu: mara mbili kwa wiki kila mmoja alinyonya kijiti chenye pamba kwa sekunde 30, akakitumbukiza katika kichupa kimoja cha darasa zima, kisha masomo yakaendelea. Hakuna aliyechokonolewa pua, na binti yangu, ambaye huanza kulia akiona tu koti jeupe la daktari, hakuwahi kulalamika.

Ubora wake hasa ulikuwa maabara. Vijiti vya darasa vilipimwa kwa pamoja kwa kipimo cha PCR, ambacho hubaini virusi vikiwa bado vichache mno kuonekana kwenye kipimo cha haraka, hivyo mtoto aliyeambukizwa aliweza kugundulika mapema, tena kwa gharama ya kipimo kimoja badala ya ishirini na ushei. Virusi visipoonekana hatukuambiwa kitu, na jioni isiyo na ujumbe ilikuwa faraja kubwa.

Udhaifu ulijitokeza pale kichupa kilipoonyesha maambukizi. Darasa zima lilibaki nyumbani, kila mtoto akanyonya kijiti kingine, mzazi akakipeleka shuleni asubuhi, na kungoja kukaanza upya. Kwa mtu wa kazi za zamu, ujumbe wa simu unaoingia alfajiri ukimtaka abaki na mtoto si jambo dogo. Waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani walipata nafuu kuliko sisi. Januari 2022 kasoro hiyo ilirekebishwa, kila mtoto akawa anatoa vijiti viwili kwa mpigo mmoja, kimoja cha kichupa cha darasa na kingine chenye jina lake, cha kupimwa peke yake endapo kichupa kingeonyesha maambukizi. Hilo lilipaswa kufanyika tangu siku ya kwanza.

Marekebisho hayo, kwa bahati mbaya, yalikuja pamoja na Omicron, aina ya kirusi cha korona iliyoenea kwa kasi kubwa. Kupima kwa pamoja hufaa wagonjwa wakiwa wachache. Wakizidi, karibu kila kichupa hurudi na maambukizi, na kila kichupa hudai vipimo vya mtoto mmoja mmoja. Maabara zikalemewa, majibu yakachelewa, na kabla ya Januari kwisha shule za msingi zikaagizwa kumtafuta mwenye maambukizi kwa vipimo vya haraka. Mwishoni mwa Februari huduma ikakoma, tukapewa vipimo vya haraka vya kufanyia nyumbani, vyenye uwezo mdogo zaidi na visivyo na mwalimu wa kuvisimamia. Binafsi ningechagua kijiti kimoja kwa wiki chenye majibu ya uhakika kuliko vipimo vitatu vya namna hiyo.