Stimingi ya kopo, mafuta ya nazi na tui: kipi kinafaa nywele kavu Tanga

Ukiingia duka la vipodozi Ngamiani ukasema nywele zimekauka, utapewa kopo la stimingi, ile krimu ya kulainisha nywele inayopakwa baada ya kuosha. Ukimwambia hivyohivyo mama anayekuna nazi uani, atakuuliza kopo la nini na tui lipo. Kila mmoja ana haki yake, ila si kwa kiasi kilekile. Hapa vimepimwa vitu vitatu kwa kazi moja, kurudisha unyevu kwenye nywele kavu ukiwa nyumbani, bila stima ya saluni: stimingi ya kopo la gramu 500 ya aina inayopatikana kila duka, mafuta ya nazi ya kupika, na ule mchanganyiko wa tui na parachichi unaosifiwa kila harusi inapokaribia. Kopo linapata 8 kati ya 10. Mafuta ya nazi yanapata 8 pia, lakini kwa kazi nyingine kabisa. Tui na parachichi, 4, na hapo tumekuwa wapole.

Unyevu ni maji. Mafuta si maji, na stimingi yenyewe haibebi maji ya kutosha kunywesha kichwa kizima. Kazi yake ni kulaza magamba ya unywele na kuufunika, ili maji yaliyoingia wakati wa kuosha yasikimbie. Kuipaka juu ya vumbi na mafuta ya wiki mbili ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao haujafutwa. Nywele za kipilipili ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye mizunguko ile. Mashina yananawiri, ncha zinabaki kama katani.

Sasa kopo. Usilisome mbele, huko wamechora nazi, parachichi na asali. Geuza. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo la kwanza liwe aqua, yaani maji. Kati ya majina matano au sita ya mwanzo utafute cetearyl alcohol pamoja na behentrimonium chloride au cetrimonium chloride. Neno alcohol hapo lisikutishe: cetearyl ni ya jamii ya mafuta na inalainisha, inayokausha ni ile iliyoandikwa alcohol denat. Behentrimonium ina chaji chanya, na unywele uliochubuka una chaji hasi, hivyo kiambato hicho kinang'ang'ania palepale palipoharibika. Hakuna tui wala asali inayoweza kufanya hivyo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya alama 8. Kama mafuta ya nazi yametajwa baada ya perfume, ujue yametiwa ya kuonjesha tu, picha ndiyo iliyojaa. Kama petrolatum (mafuta ya mgando) au paraffinum liquidum (mafuta ya parafini) imekaa ya pili au ya tatu, utapata mng'ao na uzito, si ulaini. Na kopo lenye hydrolyzed keratin mwanzoni mwa orodha lisiwe la kila wiki: protini ikizidi, nywele hukakamaa na kukatika kama vijiti, na mtu hudhani ni ukavu, akaongeza tena kopo lilelile.

Kipimo kwa nywele zinazofika mabegani ni vijiko vya chakula 4 hadi 5, takribani gramu 60 hadi 80, kwa hiyo kopo la gramu 500 linatosha mara 6 hadi 8. Nywele fupi za kuchana zinahitaji vijiko 2. Anayemaliza kopo kwa mara tatu anaisuuzia bombani.

Osha kwanza kwa shampuu, mara mbili kama ulikuwa umesuka. Sabuni ya mche iache kwa nguo. Ni kali upande wa alkali, inafungua magamba, halafu inaacha utando. Kisha kamua maji kwa taulo bila kusugua. Kipimo cha kujua zimefikia ni kubana fungu moja kwa vidole: likitoa tone moja au mawili, endelea, likitoa mchirizi, kamua tena. Stimingi inayopakwa kwenye nywele zinazochuruzika inazimuliwa na kuishia shingoni.

Gawa mafungu 4, au 6 hadi 8 kama nywele ni nzito, uyabane. Anza kisogoni, maana huko ndiko husahaulika mkono ukishachoka. Paka kuanzia ncha ukipanda juu, na uishie sentimita 2 kabla ya ngozi. Fungu liweke kati ya viganja viwili, uteleze kwenda chini mara nne au tano, halafu pitisha chanuo la meno mapana kuanzia nchani. Chanuo likikwama, usivute. Ongeza matone ya maji, si stimingi. Fungu limekolea pale vidole vinapopita bila kukwaruza. Ukiona weupe umeganda juu, umezidisha. Lisokote, libane, nenda la pili.

Funika kwa kofia ya nailoni. Juu yake zungushia taulo lililochovywa kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, likakamuliwa vizuri. Taulo hupoa baada ya dakika 7 hadi 10, basi lichovye tena, mara mbili au tatu. Jumla dakika 20 hadi 30. Joto linaifanya stimingi ilegee na isambae. Bila joto bado inafanya kazi, ila nywele zisizokunywa maji haraka, zile ambazo matone husimama juu kama kwenye jani la mgomba, zitakuacha ukilalamika. Kipindi cha kaskazi, kukaa kibarazani na kofia saa saba mchana kunatosha badala ya taulo. Mapema asubuhi ya kusi hakutoshi.

Kulala nayo hakuongezi kitu. Kilichokuwa kishike kimeshashika ndani ya nusu saa. Zaidi ya hapo unywele unaendelea kuvimba kwa maji, na unywele uliolowa hukatika upesi kuliko mkavu; uongeze na kujisugua kwenye mto usiku kucha.

Kwenye kusuuza ndiko wengi wanaharibu kazi nzima. Maji yawe vuguvugu, ya mwisho yawe baridi, na uache pale maji yanapotoka safi huku nywele zikiwa bado na utelezi kidogo. Zikianza kulia unapozivuta kwa vidole, umeondoa ulichokipaka. Zifyonze maji kwa fulana kuukuu ya pamba, paka mafuta kijiko cha chai 1 zikiwa bado na ubichi, uzitie twende kilioni nne au tano kubwa zikauke.

Maji yenyewe yana sehemu yake. Ya bomba mjini Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na kwa kazi hii hayana kero. Kero ni visima vya karibu na bahari, kwenye ardhi ya matumbawe, ambako maji hubeba chokaa na wakati mwingine chumvi. Yakikataa kutoa povu, au yakiacha ukoko mweupe ndani ya birika, yataacha ukoko huohuo kwenye nywele, na stimingi itakaa juu yake. Dawa ni siki vijiko vya chakula 2 ndani ya lita 1 ya maji ya bomba au ya mvua, umwagie baada ya shampuu, usubiri dakika 2, usuuze, ndipo upake stimingi. Ndimu inafanya kazi hiyohiyo, ila usitoke juani kabla ya kuisuuza barabara, inaunguza ngozi ya paji.

Mafuta ya nazi ni habari tofauti, na hapa Tanga tuna bahati nayo. Yanafaa zaidi kabla ya kuosha kuliko baada. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo ni ndogo na nyoofu kiasi cha kuingia ndani ya unywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na parafini hayaliwezi. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2003 ulinganisho wa mafuta hayo matatu, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza wazi upotevu wa protini nywele zinapooshwa na kuchanwa. Maana yake kwa mtumiaji: vijiko vya chakula 2 kwa nywele za mabegani, zikiwa kavu, saa 2 au usiku mmoja kabla ya shampuu. Hapo kulala nayo kunaruhusiwa, kwa kuwa hakuna maji. Ukiyapaka baada ya stimingi kwa wingi uleule, nywele zinakuwa ngumu na kushika vumbi la bodaboda.

Kununua kunataka jicho. Mafuta safi ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chupa ikiwekwa kwenye friji lazima iwe nyeupe na ngumu. Ikibaki majimaji, imechanganywa. Ukipeleka chupa hiyohiyo Lushoto itaganda bila friji, na si dosari. Yaliyopikwa haraka hubaki na maji chini, yakachacha kwa wiki chache. Rudisha kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka vipovu viishe na mlio ukome, kisha chuja.

Mwenye mba asiyafikishe kwenye ngozi. Kuvu wa mba hula mafuta, unamlisha mwenyewe.

Na tui? Tatizo si tui lenyewe, ni tunavyolitarajia. Nazi 1 iliyokunwa, robo kikombe cha maji ya moto, kamua kwa kifumbu, kisha chuja tena kwa kitambaa cha pamba. Hatua hii ya pili ikirukwa, punje za chicha zinaingia kwenye mizunguko na utazitoa kwa siku tatu. Weka hilo tui bubu, yaani tui zito la kwanza, kwenye friji saa 3 au 4, chukua ule mtindi mzito wa juu vijiko 4, paka dakika 30, osha kwa shampuu kidogo. Nywele zitakuwa laini jioni ile. Kesho yake mchana hazikumbuki kitu. Unyevu wake ni kama ule msemo wetu, waja leo waondoka leo.

Parachichi linazidisha shida. Hata lisagwe kwa blenda linaacha nyuzi, na likikauka linageuka unga wa kijani unaofanana na mba. Mafuta yake ni mazuri, lakini yakiwa yamekamuliwa, si tunda zima. Yai nalo watu huliongezea: protini yake ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani. Tui lililobaki pika nalo samaki. Usiliweke kwa wiki ijayo, kwa joto letu linachacha siku hiyohiyo.

Kwa nywele za dawa kuna sharti moja lisilo na mjadala. Stimingi inakuja baada ya shampuu ya kukata dawa, ile ambayo povu lake hubaki na rangi ya waridi mpaka dawa iishe. Ukipaka stimingi au mafuta kabla ya povu kuwa jeupe, unafungia ndani dawa yenye alkali kali, nayo inaendelea kula. Anayetaka kusuka apake stimingi siku moja kabla: kichwa kikauke kabisa, vinginevyo mashina yanawasha na rasta zinanuka.

Mara ngapi? Kila baada ya siku 7 kwa nywele zilizotiwa rangi au dawa, siku 14 kwa nyingine. Kama nywele zinavutika kama lastiki na kukatika zikiwa zimelowa, punguza stimingi, hapo ndipo kopo lile la keratini linapopata kazi yake, mara moja kwa mwezi.

Unaponunua, tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao ndio wasimamizi wa vipodozi tangu 2019, na kichoro cha kopo wazi chenye 12M, yaani miezi 12 tangu kufunguliwa. Chota kwa kijiko kikavu. Vidole vilivyolowa vinaingiza maji na vijidudu, na kopo lililoachwa bafuni likijitenga, maji juu na uzito chini, au likibadilika harufu, litupwe hata kama limebaki nusu.